Kobe wa Nyumbani na Hari ya Pwani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale ninayoulizwa Malindi na Lamu, mengi yake kati ya Desemba na Machi kaskazi inapokaza. Nimeyapanga kuanzia ya kila siku hadi yale ya mara moja moja. Ikiwa kobe wako sasa hivi anatoka povu au hajiwezi, yaache mengine yote uende swali la 17.

## Mambo ya mwanzo

1. Kobe si mnyama wa huku huku? Joto la kwao litamdhuru vipi?

Ni wa huku, ndiyo. Lakini kobe wa porini hana kazi juani saa nane mchana. Nenda nyika iliyo nyuma ya Malindi wakati wa kaskazi: utamkuta akitembea alfajiri na jioni. Mchana kutwa amejikunyata chini ya kichaka, ndani ya majani makavu, au katika shimo lililoachwa na mnyama mwingine, maana kobe wetu wa mabaka (nitamweleza swali la 4) hachimbi shimo lake mwenyewe.

Kobe hatoki jasho. Joto la mwili wake hufuata joto la mahali alipo, na akitaka kupoa dawa yake ni moja tu, kuondoka. Wale niliowaona wamekufa kwa hari, wote walikuwa wamezungushiwa ukuta pande nne, na ndani ya ukuta huo hapakuwa na pa kukimbilia.

2. Joto gani ni salama kwake?

Kobe mzima wa mabaka huwa raha mwili wake ukiwa kati ya nyuzi 25 na 32 hivi. Hewa ya Malindi, kivulini, inacheza humo humo karibu mwaka mzima: mchana wa Februari na Machi hufika 31 au 32, Julai na Agosti 27 au 28. Ndiyo maana zile taa za joto wanazonunua wafugaji wa Ulaya hapa hazina kazi. Aliyeletewa na shemeji yake kutoka ng'ambo, aitumie kusomea.

Hatari iko juani. Siku ambayo hewa ya kivulini ni nyuzi 32, saruji iliyo hatua mbili pembeni inaweza kupita nyuzi 50. Kobe akisimama hapo anaungua juu gambani na chini kifuani kwa pamoja. Akifika 35 anataka kivuli kwa nguvu. Mwili ukikaribia 40 hiyo ni dharura, na juu kidogo ya hapo hapana kurudi.

3. Kipimajoto nikitundike wapi?

Usikitundike. Watu wengi hukipigilia msumari ukutani, usawa wa macho yao, kisha wananiambia "hapa ni nyuzi 30 tu." Hiyo ni hewa yako wewe mrefu. Yeye anaishi sentimita kumi kutoka ardhini. Kiweke chini kabisa, kivulini, pale anapojificha. Pima tena pale anapokula, na pale anapolazimika kupita. Fanya hivyo saa sita, saa nane na saa tisa unusu. Kile kinachohifadhi joto la juu kabisa la siku ni bora zaidi, kwa sababu hukupa habari za saa ambazo hukuwepo.

Kama huna kipimajoto, tumia kiganja. Weka sehemu ya nyuma ya mkono sakafuni uhesabu hadi tano polepole. Ukiuondoa kabla hujamaliza, hapo si mahali pa kobe.

4. Tunazungumzia kobe gani, na ninaruhusiwa kumfuga?

Zaidi yule mkubwa wa mabaka meusi na manjano (Stigmochelys pardalis), ndiye anayeonekana zaidi majumbani. Wapo pia wadogo ambao gamba lao hukunjika kwa nyuma kama lina bawaba, nao hukaa misitu ya pwani. Hao hupenda unyevu na kivuli kuliko wa mabaka. Halafu wako wale majitu wa Aldabra, kule Shelisheli, wanaofika kilo 250. Mashuhuri kati yao kwetu ni Mzee wa Haller Park, Mombasa, aliyefanya urafiki na yule mtoto wa kiboko, Owen, aliyeokolewa hapa Malindi Desemba 2004 baada ya tsunami. Jitu kama hilo huchelewa kupata joto kwa sababu ya ukubwa wake, lakini likishalipata huchelewa vilevile kulitoa.

Kuhusu ruhusa: chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, kobe ni mnyamapori, na kumweka nyumbani bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ni kosa hata kama ulimwokota barabarani ukimwonea huruma. Ukimkuta anavuka njia, mvushe upande anaoelekea, mwache. Yote yaliyo hapa chini ni kwa aliye na kobe wa kibali, au anayemtunza kwa muda huku KWS wakijua.

## Kivuli, banda na sakafu

5. Nina mwembe mkubwa uani. Hautoshi?

Unaweza kutosha, lakini uangalie saa nane, si saa tatu. Hili ndilo kosa ninaloliona kuliko yote, na mimi mwenyewe nimelifanya. Banda la kobe wetu nililijenga mwezi wa Julai, upande wa kusini wa ukuta mpya. Lilikuwa kivulini kutwa nzima, nikajisifu. Ilipofika Desemba nikarudi kutoka sokoni saa nane, nikamkuta anatembea ukingoni mwa ukuta, huku na huko, mdomo wazi, shingo imelowa mate. Kile kivuli cha Julai hakikuwepo tena.

Sababu ni hii. Malindi iko kusini kidogo tu ya ikweta, kama nyuzi tatu. Kati ya Mei na Agosti jua la mchana huwa upande wa kaskazini, hivyo kivuli cha ukuta huanguka kusini. Novemba hadi Januari jua limehamia kusini, na kivuli kimekwenda upande wa pili. Kati kati ya Machi, tena mwanzoni mwa Oktoba, linapita juu ya utosi kabisa, na adhuhuri ukuta haukupi kivuli hata cha kuficha kandambili. Machi ndiyo hari yenyewe.

Kwa hiyo kivuli cha ukuta usikitegemee. Kinachofaa ni kivuli cha juu: mti wenye majani mazito au paa. Mwembe, mkwaju na mkanju ni mizuri. Mkilifi hupitisha jua kidogo, si vibaya. Mnazi usiuhesabu kabisa. Kivuli chake ni cha mpita njia, na dafu likianguka juu ya gamba utajuta.

Na kivuli kiwe zaidi ya kimoja. Kobe akiwa upande huu wa ua na kivuli kiko upande ule, kati yao mita kumi na tano za saruji ya moto, hicho kwake ni kama hakipo.

6. Banda niliezeke makuti au mabati?

Makuti. Bati likipigwa na jua hugeuka jiko, na joto lake humshukia kobe mgongoni. Kama huna budi kutumia bati, weka makuti au magunia mawili juu yake, acha nafasi ya shubiri moja kati ya bati na hayo magunia hewa ipite, na paa lenyewe lisiwe chini sana.

Banda zuri kwa kobe mzima ni rahisi: kuta tatu za mawe ya matumbawe au matofali hadi magotini, upande mmoja wazi, paa la makuti lililojitokeza mbele, na sakafu ya udongo iliyochimbwa chini kama mita nusu. Kuchimba ndiko kunakosaidia hasa, kwa kuwa kadiri unavyoshuka ndivyo udongo unavyosahau joto la mchana. Tandika majani makavu au nyasi, umwagie maji kidogo asubuhi, lakini isiwe tope. Mdomo wa banda uuelekeze mahali ambapo jua la alasiri halimfuati ndani, yaani usielekee magharibi.

Wengine huniuliza kuhusu neti nyeusi za kivuli zinazouzwa kwa ajili ya bustani. Zinasaidia kama nyongeza. Peke yake neti hupunguza jua tu, na hewa ya chini yake ikikosa upepo bado ni nzito.

7. Ninakaa Mji wa Kale, Lamu. Sina ua, nina kiwanda tu (ule uwazi wa katikati ya nyumba). Kobe ataweza?

Nyumba za Lamu zilijengwa na watu walioijua hari: kuta nene za mawe na chokaa, vichochoro vyembamba, daka (baraza ya mlangoni) na tekani (ukumbi wa kuingilia ndani) zinazokaa baridi hadi jioni. Ndani ya nyumba kama hiyo tatizo la joto ni dogo kuliko la Malindi. Kiwanda chenyewe kinategemea upana wake. Kilicho chembamba hupata jua kwa muda wa saa mbili tatu tu, lakini saa hizo ndizo zile za adhuhuri, jua likitumbukia moja kwa moja, na chini hapafiki upepo.

Mwachie njia ya kuingia tekani au chini ya ngazi wakati wowote, mlango usifungwe. Weka sinia kubwa la udongo kwenye kona isiyofikiwa na jua. Tatizo lako kubwa zaidi litakuwa kinyume: kobe anahitaji jua la asubuhi kila siku ili mwili wake utengeneze vitamini D, bila hiyo gamba hulegea. Kiwanda kisichoingia jua kabisa si mahali pa kumweka. Na nafasi nayo ni jambo. Kobe wa mabaka anaweza kuzidi kilo kumi, na kiwanda hakikui pamoja naye.

8. Uani nimeweka kabro (matofali ya saruji ya sakafu). Ni vibaya?

Kabro, saruji, mawe ya Galana kando ya bwawa la kuogelea, vyote hunywa joto mchana na kulitoa hadi usiku. Si lazima uvunje. Acha ukanda wa udongo wenye nyasi unaounganisha banda, chakula na maji, apite bila kukanyaga moto. Mchanga mweupe mkavu nao usikudanganye kwa weupe wake. Aliyewahi kutembea pekupeku ufukweni Shela, Lamu, saa saba mchana anajua.

Bwawa la kuogelea lizungushie kizuizi. Kobe wa mabaka akitumbukia anaweza kufa maji.

9. Zamani wazee walimtoboa gamba wakamfunga kamba. Bado inafaa?

Haifai. Gamba ni mfupa ulio hai, una damu na hisia, na tundu ni jeraha. Lakini hata ukisahau maumivu, angalia kamba yenyewe inafanya nini: aliyefungwa asubuhi kivulini, mchana kivuli kimemkimbia naye hawezi kukifuata. Ukitaka asitoke, jenga ukingo wa mawe wa kimo cha magoti. Mara nyingi kobe hajisumbui kupanda asichoweza kuona upande wake wa pili.

## Maji na chakula

10. Nimwogeshe mara ngapi?

Mzima, mara moja au mbili kwa wiki wakati wa kaskazi. Tumia beseni pana, maji vuguvugu yanayofika chini ya kidevu akiwa amesimama, dakika 15 hadi 20, asubuhi baada ya kuota jua. Hapo atakunywa, na mara nyingi atajisaidia humo humo. Usikasirike, ndiyo faida yake. Tazama ule uji mweupe anaoutoa pamoja na mkojo. Ukiwa laini kama uji, sawa. Ukiwa mgumu wenye chembechembe kama mchanga, hanywi maji ya kutosha, na kobe mkavu huzidiwa na joto upesi.

Maji ya kunywa yawe uani kila siku, kwenye sinia la udongo lisilo na kina, kivulini. Sufuria ya aluminiamu iliyoachwa juani ifikapo saa saba ni chai.

Jambo dogo ambalo watu hawalijui: kobe huweka akiba ya maji kwenye kibofu. Ukimnyanyua kwa ghafla akashtuka akakojoa, umemmwagia akiba yake. Mchana wa kaskazi usimnyanyue bila sababu, hata wageni wakitaka picha.

11. Maji ya kisima chetu yana chumvi. Yanamfaa?

Kanuni ni rahisi: maji usiyoyanywa wewe, usimnyweshe yeye. Lamu wengi mnajua tofauti kati ya kisima cha mjini na maji matamu yanayotoka chini ya machuguu ya mchanga ya Shela. Mpe hayo, au ya mvua kutoka kwenye jabia (birika la kuhifadhia maji). Malindi maji ya mfereji yanatoka Baricho, yanafaa. Maji ya chumvi yatumie kumwagia ardhi nje ya banda ipoe, si kumwogesha.

12. Nimpe tikiti maji lipoze tumbo?

Kipande, mara moja moja. Tumbo la kobe wa mabaka limeumbwa kwa nyasi na majani magumu, na sukari nyingi humharisha, na kuharisha humkausha. Akitaka maji ya chakulani, mpungate ni bora, ukishauondoa miiba. Nyasi ziwe ndizo msingi, pamoja na matembele na majani ya kunde. Mchicha usiwe wa kila siku.

Mlishe asubuhi kabla ya saa tatu, na kidogo tena saa kumi na moja. Chakula ukikiweka juani saa sita, njaa itamtoa kivulini. Nimeona kobe wakiungua kwa sababu ya sukuma wiki.

13. Hajatoka bandani siku tatu, na hali chakula. Amelala usingizi wa joto?

Huenda. Kobe wa mabaka hana ule usingizi mrefu wa kobe wa nchi za baridi, lakini kiangazi kikiwa kikali hupunguza mwendo na kula. Tofauti ya kupumzika na kuugua ni hii: anayepumzika ukimgusa mguu anauvuta kwa nguvu, macho yake yana uhai, na akiogeshwa hunywa. Aliyelegea, macho yamezama, puani mna maji, huyo ni mgonjwa. Mpeleke kwa daktari wa wanyama. Hata kama kila siku anatibu punda, atajua kuangalia maji mwilini.

## Watoto wa kobe

14. Kobe wangu ni mdogo kama kikombe. Namweka kwenye tangi la kioo dirishani.

Mtoe leo. Kioo huzuia ile miale ya jua inayotengeneza vitamini D, lakini joto hulipitisha na kulifungia ndani. Tangi dirishani ni oveni yenye maua. Vivyo hivyo beseni la plastiki lililowekwa juani "dakika tano tu apate jua": mwili mdogo huchemka haraka, na dakika tano za mama mwenye nyumba aliyepigiwa simu ni nusu saa.

Mdogo akae kwenye sanduku la mbao pana lenye udongo wenye unyevu, majani ya kujificha, na nusu yake yote kivulini. Nje atolewe kuanzia saa moja hadi saa tatu, uko naye. Aogeshwe karibu kila siku, maji yasipite mabega. Unyevu wa hewa ya pwani ni neema kwake, maana watoto wanaokulia pakavu sana hupata gamba lenye vilima vilima.

15. Kunguru je?

Wanamdonoa, hasa hawa kunguru wa mjini. Funika juu kwa waya. Siafu na kenge nao hawana huruma.

## Dharura

16. Dalili za kuzidiwa na joto ni zipi?

Huanza kwa mahangaiko: anatembea ukutani huku na huko, anajaribu kupanda. Ndiyo dalili ya kwanza na ndiyo inayodharauliwa, watu husema "leo amechangamka." Kisha mdomo wazi. Halafu mate au povu, analowanisha shingo na miguu ya mbele. Anafanya hivyo makusudi, ndiyo njia yake ya mwisho ya kujipoza kwa kutumia maji aliyobaki nayo. Anaweza pia kujikojolea miguu ya nyuma. Mwisho hulegea, kichwa chini, miguu imetoka nje, haivuti ukiigusa.

Kupandisha na kushusha koo taratibu peke yake si dalili. Hivyo ndivyo anavyonusa.

17. Kobe wangu anatoka povu sasa hivi. Nifanye nini?

Mwondoe juani, umpeleke ndani kwenye sakafu ya baridi au kivuli kizito. Mlowanishe kwa maji ya kawaida ya mtungini au ya mfereji (yaache kwanza yatiririke, ya kwanza kwenye bomba huwa moto): miguu, shingo, kisha gamba, taratibu, kwa kata au kitambaa. Kisha mweke kwenye beseni, maji yafike kifuani tu. Kichwa kiwe juu ya maji, na kama hana nguvu ukishike au ukiegemeze kwenye kitambaa kilichokunjwa. Pepea kwa upepeo au washa feni kwa mbali. Badilisha maji yakipata joto.

Usimfungue mdomo kumtilia maji, yataingia mapafuni. Akiweza kunywa atakunywa.

Ukiona anashika kichwa mwenyewe na kuvuta miguu, mtoe majini, mwache kivulini penye utulivu. Hata hivyo mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo, kwa sababu figo huweza kuharibika na yeye akaonekana mzima siku mbili tatu kabla ya kudhoofika.

18. Barafu ingekuwa haraka zaidi, sivyo?

Hapana. Baridi kali hukaza mishipa ya ngozi, damu yenye joto inabaki ndani, na mshtuko juu yake. Wala usimtie kwenye friji. Nimeshaulizwa hilo, tena zaidi ya mara moja.

19. Nimemkuta amepinduka.

Mgeuze taratibu kwa ubavu, si kichwa kupita mkia. Mapafu ya kobe yako juu, chini ya gamba. Akilala chali matumbo huyabana, na juani huku hawezi kwenda popote, muda si mrefu amekufa. Baada ya hapo mtazame kama swali la 16. Tafuta alipokwama: mara nyingi ni kidaraja, kona yenye jiwe, au dume mwenzake aliyempindua wakigombana.

## Yasiyo ya kila siku

20. Nimpeleke baharini apoe?

Kobe si kasa wala ng'amba. Hao wana makasia, huyu ana miguu ya kutembelea, na maji ya bahari yatamkausha. Najua mtasema kuna yule wa Kimbiji. Ni kweli: Desemba 2004 kobe wa Aldabra alitoka baharini akatembea ufukweni Kimbiji, kusini mwa Dar es Salaam, miguu imeota vile vigamba vinavyoota chini ya mashua, baada ya kuelea kutoka visiwani. Alifika amekonda vibaya, na yeye ni jitu linaloelea kama boya. Wa mabaka mpe beseni.

21. Ninahama, Malindi hadi Mombasa. Nimsafirishe vipi?

Kwanza KWS wajue, kibali cha kumweka si kibali cha kumhamisha. Kisha safari ya alfajiri. Ni kama kilomita 120, ukiondoka saa kumi na moja utafika kabla ya hari. Boksi la mbao au katoni ngumu lenye matundu, taulo mbichi chini, ndani ya gari pamoja na watu. Buti la basi hapana, wala gari lililofungwa vioo ukishuka kununua mabuyu. Kwa wa Lamu: kwenye boti kutoka Mokowe asiwekwe juu ya sitaha wazi, na boksi lisifunikwe kwa plastiki kuzuia mawimbi.

22. Masika na kipupwe nimwashie joto?

Baridi ya huku haimwui. Kinachomwumiza ni kulala kwenye maji. Banda ulilolichimba (swali la 6) mvua ya Mei inaweza kuligeuza dimbwi, basi weka tuta mdomoni na sakafu ya ndani iinuke kwa nyuma. Akitoa mapovu puani au akipumua kwa mlio, daktari.

23. Miaka hii Ramadhani inaangukia kaskazi, na baada ya adhuhuri nyumba nzima imelala. Nani atamwangalia?

Mtoto asiyefunga ndiye afisa wa kobe. Mwonyesheni mambo mawili: maji yapo, na kobe yuko kivulini. Apite saa saba na saa tisa. Kama hakuna mtoto, basi kobe awe amezuiwa upande wenye paa kabla ya adhuhuri, afunguliwe alasiri.

24. Ametaga uani, pale panapopata jua sana. Niyahamishe mayai?

Yeye anajua alichochagua. Mayai yanataka joto, la nyuzi 28 hadi 32 hivi, na ndilo pia linaloamua jinsia: joto la juu majike, la chini madume. Yakikaa, usiyageuze. Huchukua miezi mingi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Wajulishe KWS, maana vitoto navyo viko chini ya sheria ile ile ya swali la 4.

25. Mafuta ya nazi gambani yanamkinga na jua?

Yanamng'arisha na kukusanya vumbi. Kinga hayana. Rangi ni mbaya zaidi, hasa nyeusi au ya mafuta. Gamba liache.

26. Mamangu anasema kobe huyu ameishi ua huu miaka 30 bila banda wala kipimajoto, na mimi najisumbua bure. Nimwambie nini?

Usimwambie kitu, muulize. Muulize ua ulikuwaje miaka 30 iliyopita. Karibu kila nyumba niliyouliza swali hilo nimejibiwa yale yale: palikuwa na mkwaju, ukakatwa ulipojengwa ukuta, palikuwa na udongo, sasa ni kabro, upande wa nyuma palikuwa na boma la michongoma, sasa kuna nyumba za kupangisha. Kobe ni yule yule, ua ndio uliobadilika. Kisha umwombe akuonyeshe kobe alikuwa akilala wapi adhuhuri. Atakumbuka mahali penyewe hasa, hata jiwe. Banda lijenge hapo.